Samaki Waliojua Mlio wa Ndoo

Mama mkubwa wangu hana mkono wa kutulia. Ukimkalisha kwenye kochi, ukigeuka tu utamkuta anapanguza meza ambayo wewe mwenyewe umetoka kuipanguza. Ukimwambia apumzike, atakuuliza apumzike kwani amefanya nini. Naanza na hilo makusudi, ili ieleweke kwa nini habari ya kuhamia kwangu, kwenye chumba kimoja chenye jiko kwenye kona, ilimnyima usingizi. Nilimkaribisha kwa roho nyeupe. Akaitikia, akanishukuru, kisha akaanza kutafuta kila njia ya kutokuja.

Kazi yake ilikuwa samaki. Hakuwavua wala hakuwauza, aliwalea. Kituo cha kutotolea trauti kilikuwa juu mlimani, mahali ambapo maji ya kijito ni baridi ya kuuma meno, maana trauti bila baridi haishi. Maji yakipata uvuguvugu kidogo tu anaanza kuhemea juu juu, na kesho yake anaelea. Mama mkubwa aliingia pale kufagia, baada ya mumewe kufariki, na mwenye kituo akagundua kwamba huyu mfagiaji akimaliza kufagia haendi kukaa. Akampa trei za mayai. Kazi ya mayai inachosha macho: yai lililokufa hugeuka jeupe, na lazima litolewe kwa kibano kabla halijaota ukungu na kuharibu wenzake. Alipoona mayai hayafi ovyo, akampa mahodhi ya saruji walimokuwa vifaranga, maana ndivyo samaki wadogo wanavyoitwa, vifaranga, utadhani wana manyoya. Mwishowe akampa funguo zote, yeye mwenyewe akawa anakuja mara mojamoja kuuliza habari.

Walikuwepo trauti wa aina tatu. Wa kwanza ni trauti wa upinde wa mvua, ambao pale kituoni waliitwa Upinde tu, wana mstari wa rangi ya waridi ubavuni na ulafi usio na aibu. Wa pili ni trauti wa kahawia, wazito, wenye madoa, wanaomtazama mtu kwa jicho la kumpima. Wa tatu ni trauti wa vijito, wadogo kuliko wote na wazuri kuliko wote, mapezi yao yana ukingo mweupe kama yaliyopigwa pasi. Mama mkubwa aliwapenda wote, ila aliwasema kama mama anavyowasema watoto wake mbele ya wageni. Upinde hawana adabu. Kahawia wana kiburi. Vijito wanadeka.

Sasa kuhusu ndoo. Chakula cha samaki ni punje ndogo kavu, naye alikuwa akizichota kutoka kwenye ndoo ya bati kwa kikombe cha bati. Kabla ya kumwaga, aligonga ndoo kwa kitako cha kikombe: ko, ko, ko, akanyamaza kidogo, kisha ko. Alianza hivyo bila sababu, kukung'uta unga uliogandia kikombeni. Samaki hawakujua habari ya unga. Walichojua ni kwamba ule mlio ukisikika, chakula kimefika. Basi akigonga tu, hodhi zima linachemka. Upinde wanapandana migongoni, Vijito wanapenya katikati, na Kahawia wanakuja nyuma kabisa, taratibu, kama wamepita njia tu. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama mkubwa ni mchawi. Nilipokua niliona ni mazoea, lakini hata hivyo kila nilipomtembelea nilimwomba agonge.

Kisha mwenye kituo akazeeka, watoto wake hawakutaka samaki, na kituo kikatangazwa kufungwa. Nyumba aliyokaa mama mkubwa ilikuwa ya kituo. Hapo ndipo nilipomwambia aje kwangu, na hapo ndipo alipoanza kuzunguka huku na huku akitafuta pa kushika.

Mimi nafanya kazi kwenye jumba la chama cha wavuvi wa mshipi, kando ya ziwa. Napokea wageni, natoa chai, nasikiliza uongo kuhusu ukubwa wa samaki aliyeponyoka. Wanachama wetu ni watu wanaovua kwa starehe, kwa ufito na ndoana, na wengi wao wakimshika samaki wanampiga picha wanamrudisha majini. Nilipomweleza mama mkubwa jambo hilo mara ya kwanza alifikiri namtania. Aliniuliza kama kuna mtu anayepika chakula ili akirudishe sokoni.

Ziwa lenyewe ni kubwa, la baridi, lililotokana na bwawa la zamani, ila halikuwa na samaki wa maana. Chama kilitaka kulijaza trauti, na Mwenyekiti hakutaka aina moja. Huyu Mwenyekiti ni daktari wa meno mstaafu, na mpaka leo anaongea na mtu huku akimtazama mdomoni. Alitueleza kwamba ziwa la aina moja ya samaki linachosha. Mvuvi anayeanza anataka Upinde, anayedaka ndoana upesi na kuruka juu hadi mtu anapata la kusimulia. Mvuvi mzoefu anataka Kahawia, anayejificha chini ya magogo na kumtesa mtu msimu mzima. Na kule mdomoni mwa kijito, kwenye maji ya baridi zaidi, wawekwe Vijito kwa ajili ya wale wanaopenda kitu kizuri hata kama ni kidogo. Nikamwambia kwamba hao wote watatu ninajua waliko, na ninamjua aliyewalea.

Chama kikachukua samaki wote wa kituo. Na kwa kuwa ziwa lingehitaji mtunzaji, Mwenyekiti alisema mama mkubwa ahamie kwanza kwenye nyumba ya mtunzaji, vyumba viwili na baraza inayotazama maji, kwa majaribio. Siku ya kufungua msimu wa uvuvi wanachama wangeamua. Wakiridhika na samaki, kazi na nyumba ni vyake. Wasiporidhika, wangetafuta mtu wao. Alilisema hilo kwa upole, na mama mkubwa alilipokea kwa upole, ila tulipotoka nje alinishika mkono akaubana. Alisema kukaa kwangu si kubaya, ila hataki kuzeeka akiwa mgeni wa mtu, hata mtu huyo akiwa mimi. Sikumlaumu. Chumba changu nakijua.

Siku ya kuwahamisha samaki alihitajika mtu mwenye lori, na ukoo wetu una mmoja tu, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye watu wote wanamwita Gia kwa sababu ya jinsi anavyozigombeza. Gia hubeba vifaranga vya kuku kutoka shamba la kutotolesha hadi kwa wafugaji. Mama mkubwa alimpigia simu, akamwambia kwa ufupi wake wa kawaida: shemeji, kesho asubuhi njoo unibebee vifaranga, nawapeleka ziwani. Gia akasema haina shida.

Akaja alfajiri, amewahi kuliko siku zote. Lori limejaa makreti ya plastiki yenye matundu na vifuniko, yamepangwa hadi juu, yametandikwa maranda ya mbao. Pembeni alikuwa amefunga taa ya kuwapa joto wasipigwe na baridi ya mlimani, na hilo alilifanya kwa mapenzi, bila kuombwa.

"Shemeji, wako wapi hao kuku?" akauliza.

"Kuku gani?"

"Si umesema vifaranga?"

Mama mkubwa akamwonyesha hodhi. Gia akasogea, akainama, akatazama majini kwa muda mrefu.

"Hawa hawana hata miguu," akasema.

Nilicheka hadi mbavu zikauma. Mama mkubwa hakucheka, kwa sababu jua lilikuwa linapanda. Mtaalamu wa samaki, dada mmoja kijana mwenye buti ndefu ambaye chama kilikuwa kimemwajiri, alikuwa amekwisha kufika na pikapu iliyobeba tangi kubwa na mtungi wa oksijeni. Ila kulikuwa na tatizo ambalo halikuwa la Gia. Tangi lilikuwa moja, halina vyumba ndani, na Kahawia wakubwa hawawezi kusafiri na Vijito wadogo pamoja. Wangefika Kahawia peke yao, wameshiba. Mtaalamu alikuwa ameahidiwa nyavu za kutenganisha na nyavu hazikuja. Alisimama ameshika kiuno, akatazama tangi, akatazama lori, kisha akauliza kama yale makreti yanafunga vizuri.

Basi tukakung'uta maranda, tukasugua makreti mpaka harufu ya kuku ikatoka, tukayazamisha ndani ya tangi, wadogo ndani ya makreti na wakubwa nje. Maji yakapita matunduni na oksijeni ikapita. Tangi tulikuwa tumelihamishia kwenye lori la Gia likiwa bado tupu, maana likijaa lingeielemea pikapu, na Gia akaendesha siku hiyo kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Tangu hapo anasimulia kwamba makreti yalikuwa wazo lake tangu mwanzo. Tumemwachia.

Ziwani Mtaalamu hakuturuhusu kuwamwaga. Alipima joto la maji ya tangi na la ziwa, akatutaka tuchote maji ya ziwa kidogokidogo tuyachanganye na yale ya safarini, tungoje, tuongeze tena, ili samaki wasishtuke. Mama mkubwa alichota kwa ile ndoo yake. Upinde waliachiwa gatini, kwenye maji ya wazi. Kahawia walipelekwa upande wa magogo. Vijito walibebwa ndani ya makreti yao hadi mdomoni mwa kijito, na wakaachiwa wa mwisho. Walikaa kidogo pale kwenye maji mafupi kama wanaosubiri kuambiwa, kisha wakaondoka wote kwa pamoja. Mama mkubwa akasema "haya," akaosha mikono.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Mtaalamu alisema ziwa lina wadudu wa kutosha na samaki wanakula wenyewe. Mama mkubwa aliing'arisha ile nyumba, akafyeka njia, akaokota taka za watu ufukweni na kuwasema wenye taka hata kama hawakuwepo. Mimi nikaanza kupumua.

Kisha kijana mmoja mwosha pikipiki akashuka ziwani na ndoo kuchota maji. Ilikuwa na tope chini, akaigonga kwenye jiwe: ko, ko, ko. Akapumzika kubadili mkono. Ko. Alisema baadaye kwamba maji yalichemka mbele yake, akakimbia hadi barabarani akidhani ni mamba. Aliporudi na kutazama vizuri aliona ni samaki, wengi, wanagombania kitu ambacho hakipo. Akazamisha ndoo, akainua, akaenda nyumbani na kitoweo.

Habari kama hiyo haikai mdomoni mwa mtu mmoja. Kabla hatujajua kinachoendelea, watu walikuwa wanashuka ziwani na ndoo za kila rangi, wanagonga kama wanaotangaza msiba. Wengi hawakuipata ile namna ya kugonga, wakarudi mikono mitupu na viatu vimelowa. Lakini waliobahatisha walibahatisha. Mama mkubwa alikuwa anawafukuza upande huu, wengine wanatokea upande ule.

Mwenyekiti akaja kujionea. Alisimama gatini, akamwomba mama mkubwa agonge mara moja tu. Akagonga. Upinde wakaja kama waliokuwa wakimngoja hapo chini. Hata Vijito wakatoka kule kijitoni. Na nyuma kabisa, chini ya kivuli cha gati, nikamwona jike mmoja mzee wa Kahawia, ambaye mama mkubwa humwita Bi Mkubwa, ana pezi la mgongo lililochanika tangu ukifaranga wake. Mwenyekiti alitazama tamasha lote hilo, na sijawahi kumwona mtu amechukia kwa upole namna ile.

"Mama," akasema, "wanachama wangu wanaamka usiku, wanavaa buti, wanasimama kwenye baridi ili samaki awashinde akili. Hawa mtu anawaita kwa ndoo. Hili ni ziwa au ni banda la kuku?"

Akaongeza kwamba siku ya kufungua msimu atagonga ndoo yeye mwenyewe mbele ya wanachama wote. Samaki wakija, itabidi chama kifanye mpango mwingine. Hakusema mpango gani. Haikuwa lazima. Mama mkubwa alikuwa karibu kumwaga unga, na aliyeupiga teke ule mfuko ni yeye mwenyewe, kwa kikombe cha bati, kila asubuhi tangu alipokabidhiwa mahodhi.

Tulikwenda kwa Mtaalamu. Alitusikiliza huku akisafisha buti zake, na hakutupa maneno ya kutufariji. Alisema kwamba samaki akiachwa tu hasahau upesi hivyo, na siku ya kufungua haikuwa mbali. Anasahau akiona hasara. Mlio uwe uleule, mkono uwe uleule, ila badala ya chakula kije kishindo. Agonge, wakija, apige maji kwa mti kwa nguvu zote, awatawanye. Asiwaumize. Awatie hofu tu, asubuhi na jioni, mpaka mlio wa ndoo uwe kitu cha kukimbiwa.

Nilisema ninaweza kuifanya mimi, au Gia, ambaye kelele ni kipaji chake. Mtaalamu akatikisa kichwa. Gia angewafundisha kumwogopa Gia. Wanaoitikia wanaitikia mlio wa mkono wa mama, na kugonga kwake watu wengine hawakuweza kuiga sawasawa. Ndiyo maana wale wa ndoo za kila rangi wengi walirudi mikono mitupu.

Mama mkubwa akasema ameelewa.

Kesho yake nilimwona kupitia dirisha la jumba la chama. Alikuwa gatini, ndoo mkono mmoja na ufito mrefu wa mti kando yake. Akagonga. Wakaja, wamejaa furaha zao. Akasimama akiwatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akashika ule mti kwa mikono miwili akaupiga majini, na mlio wake niliusikia hadi ndani. Samaki wakapotea. Akangoja. Akagonga tena. Wakaja tena, wamepungua kidogo tu, maana nani angeamini mara ya kwanza. Akapiga tena. Nilikuwa na chai ya mgeni mkononi na ikapoa.

Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Alijikaza kisabuni. Kila siku waliokuja walipungua. Kwanza waliacha Vijito, ambao wanadeka na hawawezi kuvumilia kusemwa, sembuse kupigiwa maji. Kisha Upinde wakaanza kuja nusu njia na kusita, wamekaa kule ambako mti haufiki, wanageuza geuza vichwa. Ulafi uliwatuma waje na hofu iliwaambia wabaki, na ilikuwa inaonekana wazi hadi nikawa naona haya kuwatazama. Bi Mkubwa alikuwa wa mwisho kuacha. Hakuwa na pupa tangu kituoni, na labda kwa sababu hiyo hakuona kosa lake ni nini. Alikuja peke yake, taratibu, akasimama chini ya kivuli cha gati kama kawaida yake, na mama mkubwa akapiga maji juu ya kichwa chake.

Jioni ile nilimfuata kwake. Alikuwa anasugua sufuria safi.

"Miaka yote nimewafundisha kuniamini," aliniambia. "Sasa nawafundisha kunikimbia, na hili wamelijua haraka kuliko lile."

Nikamwambia ni kwa faida yao, kwamba samaki anayemkimbilia kila mwenye ndoo hana maisha marefu. Alijua. Alisema anajua, na kwamba kujua hakumsaidii chochote akiwa pale gatini na mti mkononi. Kisha akasema sufuria hii haitoki masizi, na sufuria ilikuwa inang'aa.

Siku ya kufungua msimu wanachama walikuja wengi, na kofia zao zenye ndoana zilizochomekwa kama mapambo. Gia naye alikuja, amevaa shati la kutokea, akawa anawaeleza watu habari za makreti. Mwenyekiti alihutubia kwa ufupi, akazitaja zile aina tatu moja moja na mahali zilipo, akamshukuru Mtaalamu, kisha akaomba ile ndoo.

Akagonga. Ko, ko, ko. Ko.

Maji yalitulia. Wanachama wakacheka, mmoja akapiga makofi. Mimi nikashusha pumzi. Lakini Mwenyekiti hakuwa amemaliza. Alisema huenda samaki hawaujui mkono wake, na kwamba haki iwe haki. Akamgeukia mama mkubwa, akampa ndoo na kikombe, akamwomba agonge yeye.

Nilijua, na yeye alijua, kwamba angeweza kugonga vibaya. Kuharakisha kidogo tu, kusahau kule kunyamaza kabla ya mlio wa mwisho, na pale hakuna mtu zaidi yangu ambaye angegundua. Nyumba ilikuwa nyuma yake, vyumba viwili na baraza. Nilimtazama usoni nikitaka anielewe: gonga vibaya, mama, gonga tu ovyo.

Akaipanguza ndoo kwanza kwa upindo wa nguo yake. Akasogea hadi ukingoni mwa gati, pale pale alipokuwa akisimama kila siku, akainama kidogo. Akagonga kama alivyokuwa akigonga kituoni, kwa utaratibu uleule na uzito uleule, mara tatu, akanyamaza, kisha mara moja. Ilikuwa sawasawa kabisa. Nilikuwa mtoto tena, ninangoja hodhi lichemke.

Tulingoja. Maji yalikuwa maangavu siku hiyo, ungeweza kuona mawe ya chini, na chini ya kivuli cha gati hapakuwa na mtu. Hakuja Upinde. Hakuja Kijito. Mama mkubwa alibaki ameinama kwa muda, anatazama, hadi Mwenyekiti akakohoa.

"Safi," Mwenyekiti akasema. "Sasa hawa ndio samaki."

Akampa mkono, akampa funguo za nyumba mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi, Gia kuliko wote. Baadaye mchana mwanachama mmoja alipambana na Kahawia mzito upande wa magogo, samaki akakata mshipi akaenda zake, naye mvuvi akarudi jumbani amelowa hadi kiunoni, ana furaha ya mtoto, anasema pezi la mgongoni lilikuwa limechanika na kwamba hajawahi kukutana na samaki mwenye akili vile. Nilimmiminia chai. Nikatamani kukimbia kumpelekea mama mkubwa habari hiyo hapo hapo, lakini wageni walikuwa wamejaa.

Nilipopata nafasi jua lilikuwa linakaribia kushuka. Nililizunguka jumba, nikapita njia aliyoifyeka, nikamkuta ndani, chumba cha mbele, funguo ziko mezani na ndoo iko sakafuni karibu na mlango. Alikuwa amekaa. Amekaa tu kwenye kiti, mikono mapajani, na mikono hiyo haikuwa inafanya kitu chochote.

Nikamweleza habari za Bi Mkubwa. Akatabasamu, akasema vizuri, huyo hawamwezi.

"Hata mmoja, mwanangu," akasema baadaye. "Niligonga vile vile. Hata mmoja."

Nikavuta kiti nikakaa naye. Meza ilikuwa na vumbi la siku nzima, na sisi wawili hatukuipanguza.